Saa 12 za foleni, sekunde chache za kuaga

Septemba 2022, David Beckham alipanga foleni jijini London kwa zaidi ya saa 12 ili apite mbele ya jeneza la Malkia Elizabeth II. Alipolifikia aliinamisha kichwa, akaondoka. Sekunde chache, basi. Hadi milango ya Westminster Hall, ukumbi lilimowekwa jeneza, inafungwa, watu wapatao 250,000 walikuwa wamefanya hivyohivyo.

Wapo wanaocheka. Jeneza limefungwa, marehemu hajui nani kaja na nani kabaki nyumbani, sasa miguu kuvimba ni ya nini? Hoja hiyo ni nyepesi. Iliyo nzito ni ile ya siasa: picha ya umati hugeuzwa kura. Anayekumbusha makosa ya marehemu huambiwa tazama watu wale, wote hao wamekosea? Lakini Machi 1953, Moscow ilijaa waombolezaji wa Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, mpaka watu wakakanyagana na kufa. Miaka 3 baadaye, Khrushchev, aliyeshika uongozi baada yake, alisimama mbele ya chama akiyasoma makosa ya Stalin moja baada ya jingine, na mwaka 1961 mwili wa Stalin ukatolewa katika kaburi la Lenin. Machozi ya 1953 huenda yalikuwa ya kweli kabisa. Hayakuthibitisha lolote kuhusu utawala wake.

Hapo nakubaliana na wakosoaji. Ninapoachana nao ni wanaposema foleni yenyewe haina maana. Desemba 2013 mwili wa Mandela uliwekwa Union Buildings, Pretoria, siku 3, na watu kama 100,000 wakapita. Jengo lile ndimo ilimokaa serikali iliyomfunga, na ndipo alipoapishwa kuwa rais mwaka 1994. Kwa mzee aliyeishi enzi za ubaguzi, kupanda pale mchana kweupe, mbele ya polisi wanaomwelekeza njia kwa adabu, kulikuwa na uzito wake hata kabla hajaliona jeneza. Na kamera zilipigwa marufuku, kwa hiyo hakwenda kutafuta picha ya kuringia.

Ugomvi wangu ni na waandaaji. Machi 2021, watu 45 walifariki katika msongamano Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Polisi walieleza kuwa baadhi ya watu walikosa subira, wakataka kuingia kwa nguvu. Inawezekana. Ila subira nayo huhitaji pa kushika. Mtu akijua nafasi yake haiibiwi, atangoja. Akiona anasukumwa na wa nyuma huku geti halieleweki litafunguliwa lini, naye atasukuma, awe mpole kiasi gani.

London walimpa kila mtu bangili yenye namba. Ukibanwa unakwenda chooni, unarudi ulipokuwa. Foleni ilipojaa waliifunga mkiani na kuwatangazia waliokuwa njiani wasije. Nitajibiwa kwamba wale wana fedha, na kweli, msiba ule uliigharimu serikali ya Uingereza takriban pauni milioni 162. Hakuna anayezitaka fedha hizo hapa. Bangili ya karatasi ni rahisi, na kipaza sauti kinachosema ukweli kuhusu urefu wa foleni ni rahisi zaidi.

Kigumu ni kumwambia mtu aliyefunga safari usiku kucha kwamba hataingia. Viongozi hukwepa kuyatamka hayo, maana umati unaorudishwa haupendezi kwenye habari za jioni. Pretoria waliyatamka: siku ya tatu maelfu walirudishwa, kwa manung'uniko mengi. Walinuna, wakapanda mabasi, wakafika makwao.