Konda, shangazi yangu hajalewa

Jumamosi iliyopita pale Rangi Tatu, konda alimtazama shangazi yangu akiyumba mlangoni mwa daladala, akapaza sauti hadi siti ya nyuma: "Mama, saa mbili asubuhi, tayari?" Abiria wakacheka. Shangazi, ambaye hata togwa ikichacha haigusi, naye akatabasamu, maana maneno yalipitia kushoto na sikio la kushoto halisikii. Niliyasikia mimi. Hasira hizi haziishi kwa kuweka stetasi, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Shangazi aliumwa korona Februari 2021. Mnaukumbuka wakati ule. Takwimu za mwisho hapa Tanzania zilikuwa za Aprili 2020, wagonjwa 509, kisha kimya cha zaidi ya mwaka mzima, na misibani tukawa tunasema "changamoto ya kupumua" huku tunatazamana. Najua kuna mjuaji ataniuliza kama alipimwa. Hakupimwa. Harufu ilipotea, ladha ikapotea, nyumba nzima ikalala, jirani wawili wakazikwa. Haya, kama unataka kuiita mafua, iite.

Akapiga nyungu, akanywa tangawizi, akapona. Yaani akapumua, kwa sababu kwetu mwenye kupumua kapona, hayo mengine ni deko. Siku chache baadaye akaamka kitanda kinazunguka, sikio la kushoto limezima, na ndani yake kunavuma kama jenereta la jirani.

Hapo tulikosea wote, mimi nikiwa mstari wa mbele. Lawama naipeleka kwa kwinini. Aliyewahi kutundikiwa dripu ya kwinini anajua: masikio yanavuma, watu wanaongea kama wako ng'ambo ya mto, na dozi ikiisha kila kitu kinarudi. Ndiyo elimu yetu yote ya sikio. Mama mdogo alipoambiwa akajibu bila kugeuka kutoka jikoni, "Hata kwinini ilikuwa hivyohivyo, litafunguka tu." Duka la dawa wakauza matone ya kulainisha nta. Jirani akaleta mafuta ya nazi ya vuguvugu yenye kitunguu swaumu, sikio likanukia kama pilau. Zahanati wakapima presha, iko sawa, wakampa dawa ya malaria ili asiondoke mikono mitupu. Wiki ya saba ndiyo tukafika kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akauliza swali moja: "Lilizima lini?" Tukamwambia. Akaweka kalamu mezani.

Sikio likizima lenyewe ndani ya siku moja mbili tatu, hiyo ni dharura. Narudia kwa ajili ya mama mdogo: dharura, sawa na mguu uliovunjika. Vinywele vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena. Kuna dawa za steroidi, za vidonge au za kuchomwa kupitia ngoma ya sikio, na nafasi nzuri ya kufaidika nazo ni wiki mbili za mwanzo. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba haziponyi kila mtu na wapo wanaopona bila chochote. Lakini shangazi hakupewa hata nafasi ya kubahatisha. Alipewa kitunguu swaumu.

Na kuna jaribio ambalo hata mtu wa duka la dawa angeweza kulifanya. Funga mdomo, guna "mmmm". Sauti ikielemea sikio lililoziba, huenda ni nta au majimaji. Ikikimbilia lile linalosikia vizuri, tatizo huenda liko ndani kabisa, kimbia. Si kipimo cha hospitali, lakini ni bure.

"Korona na masikio wapi na wapi?" Nimeulizwa hilo na mtu mwenye shahada. Mwaka 2021 Ibrahim Almufarrij na Kevin Munro wa Chuo Kikuu cha Manchester walikusanya tafiti 56 wakakadiria kwamba asilimia 14.8 ya wagonjwa walivumiwa masikio, 7.6 walipungukiwa usikivu na 7.2 walipata kizunguzungu cha dunia kuzunguka. Wenyewe walitahadharisha kwamba nyingi ya takwimu hizo zilitokana na wagonjwa kujieleza tu, si vipimo. Sawa, zikate nusu, bado ni watu wengi. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani walichukua nyama ya sikio la ndani kutoka kwa watu waliopasuliwa kwa sababu ya kizunguzungu kikali, wakaona kirusi kinaweza kuingia kwenye seli zenye vinywele za humo ndani. Barakoa nazo zikaja kuficha midomo, kwa mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuisoma.

Kizunguzungu ndicho kinachomdhalilisha zaidi. Mwili husimama kwa kusaidiwa na macho, nyayo, na mirija mitatu midogo yenye majimaji ndani ya kila sikio. Shangazi upande mmoja umeharibika, hivyo anajishikilia kwa macho. Mchana anatembea vizuri tu, ukutani hagusi. Umeme ukikatika usiku, anashuka sakafuni na kutambaa hadi chooni, mwanamke wa miaka sitini na moja, na asubuhi anatuambia alilala fofofo. Kanisani wameshamwombea mapepo mara mbili. Daladala nayo inaondoka kabla hajashika bomba, halafu konda anataka kujua amekunywa nini.

Siku hizi tukipanda gari nakaa kulia kwake, upande unaosikia. Jumamosi ile konda alipopita kudai nauli alisimama kushoto, akagongesha sarafu mara tatu, akaanza kukunja uso. Shangazi alikuwa anatazama nje dirishani, ananihadithia bei ya mihogo. Nikanyoosha mkono juu ya mapaja yake, nikalipa za watu wawili.