Ghafla iliyochukua miaka kumi

Jumamosi nilikaa chini ya turubai kule Nkuhungu, Dodoma, msibani kwa jirani yetu wa zamani. Kila aliyefika aliuliza, "Kwani alikuwa anaumwa?" na wafiwa wakajibu, "Wala, ni ghafla tu." Marehemu alikuwa na miaka 52. Zaidi ya miaka kumi iliyopita tulikuwa naye kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, akapimwa presha, akaambiwa iko juu, 160 na kitu. Akacheka. "Mbona najisikia mzima?" Dawa alimeza mwezi mmoja, basi.

Sasa hiyo ni ghafla gani? Presha haiumi, na hapo ndipo ilipo hila yake. Inaichosha mishipa kimyakimya mpaka siku moja mshipa upasuke kichwani, tuseme kiharusi, au moyo ushindwe. Na sisi tunaisaidia kazi: nyama choma na kilima cha chumvi pembeni, wakati Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asivuke kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikiwemo iliyokwisha kuingia jikoni. (Simsemi mtu. Hata mimi nina meza yangu ya kudumu pale Majengo.)

Neno hili "ghafla" tunalitumia kwa kila umri, ilhali kila umri una kinachouwinda. Kijana wa miaka 22 aliyeanguka na bodaboda njia ya Ihumwa, kofia ngumu ikining'inia kwenye usukani, naye tunasema ghafla. Duniani kote ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29.

Vichanga ndio wanaoniuma zaidi. Kwa tafiti za kitaifa hapa Tanzania, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015/16 hadi 43 mwaka 2022. Vya siku 28 za mwanzo? Kutoka 25 hadi 24. Chandarua hakimsaidii mtoto aliyezaliwa bila kulia. Huyo anahitaji mkunga anayejua kumzindua dakika ileile, na njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, anahitaji kifua cha mama, ngozi kwa ngozi.

Mwaka 2016, watu walipoanza kufa wilayani Chemba na Kondoa, macho ya njano na matumbo yamejaa, tuliuita ugonjwa wa ajabu. Yakapimwa mahindi, ikakutwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Ajabu yenyewe ilikuwa ghalani, kwenye nafaka iliyowekwa haijakauka.

Nilipotoka makaburini nilipita duka la dawa, nikapimwa presha: 148 kwa 94, nayo iko juu. Dada wa dukani akaniuliza kama kichwa kinauma. Hakiumi. Akasema kipimo kimoja hakitoshi, nirudie. Jumanne naenda hospitali, na mke wangu nimeshamwambia, maana najijua nitatafuta sababu.