Mikorosho ya Mtwara na mikataba ya Ujerumani

"Kaka, huko biolojia inalipa?" Ndiyo meseji ninayoletewa sana na wadogo zangu wa Mtwara. Kusoma, inalipa. Kuishi nayo ni habari nyingine.

Vyuo vikuu vingi vya umma hapa Ujerumani havitozi ada, na anayesoma uzamivu (PhD) mara nyingi huajiriwa, ana mshahara na bima. Ila sisi wa biolojia mkataba huwa mara nyingi wa asilimia 65 ya kazi ya muda wote, na mshahara hivyo hivyo, huku maabara ikikutaka hata Jumapili. Raha yake ni vifaa: unaagiza kemikali leo, kesho kutwa iko mezani.

Shida inaanza ukishavaa joho. Sheria inaruhusu vyuo kumpa mtafiti mikataba ya muda kwa miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake. Muda ukiisha hujapata kazi ya kudumu, nazo ni chache, mara nyingi unafungasha. Wizara ya elimu na utafiti ya Ujerumani ilitengeneza video ya kuitetea sheria hiyo, mhusika wake mwanabiolojia wa kubuni aitwaye Hanna. Mwaka 2021 watafiti kwa maelfu wakajiita Hanna mitandaoni, kwa hasira. Hao ni Wajerumani wenyewe. Wewe una viza pia ya kuhangaikia.

Sasa tazama ubwiri unga, ule ugonjwa unaopaka maua ya mikorosho unga mweupe mpaka yakauka, na wazee wakaingia shambani na salfa. Kuvu wake hawaoti kwenye sahani ya maabara. Wanataka jani lililo hai. Kuwachunguza huku lazima uoteshe mikorosho ndani ya kitalu nyumba na kuipashia joto Januari, nje theluji. Pale Naliendele, Mtwara, kwenye kituo cha utafiti, mikorosho iko nje ya mlango.

Kwa hiyo mimi nasema: jisajili SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shamba lako liwe nyumbani, huku uje miezi kadhaa kusoma DNA. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na watafiti, wana ufadhili wa uzamivu wenye wasimamizi wa nchi mbili. Ukirudi unakuwa na swali ambalo wakulima wa Newala na Tandahimba wanalisubiria jibu, siyo cheti tu.

Ukiamua kuja moja kwa moja, sikuzuii. Ila kabla hujasaini muulize msimamizi: wanafunzi wako waliomaliza wako wapi leo? Akizungukazunguka, mwandikie mwingine.