Wapenda Chumvi na Gharama ya Kuvumilia

Maji ya bahari huingia katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo yakiwa na takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, na jua huyakausha mpaka yapite gramu 300, ndipo chumvi inapoanza kuganda. Katika mashamba ya namna hii duniani kote, wekundu unaojitokeza hatua hiyo si uchafu, bali ni arkea (vijiumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria) wapenda chumvi pamoja na mwani uitwao Dunaliella salina. Humo chumvi haiko peke yake: kuna joto, miale mikali na oksijeni haba. Je, kiumbe aliyeshinda shida moja huwa tayari ameshinda nusu ya nyingine?

Wanaoitikia ndiyo wana ushahidi. Bakteria Deinococcus radiodurans, aliyegunduliwa mwaka 1956 katika nyama ya kopo iliyopigwa mionzi, huvumilia mionzi kwa ufundi uleule wa kukarabati DNA unaomwokoa anapokauka. Naye Natranaerobius thermophilus, kutoka maziwa ya magadi ya Wadi An Natrun nchini Misri, hustawi katika chumvi, magadi na joto la nyuzi 53 za Selsiasi kwa pamoja.

Hata hivyo, mifano hii imezoeleka mno, na wanaosisitiza gharama ya uvumilivu hawasikilizwi inavyostahili. Dunaliella huzuia maji yake yasivutwe nje kwa kujaza seli gliseroli, kiowevu kizito chenye utamu, ambayo kuitengeneza hula nishati nyingi. Arkea wamechagua njia rahisi zaidi, yaani kujaza seli kloridi ya potasiamu, ambayo nayo ni chumvi, lakini kwa njia hiyo protini zao zimelazimika kuumbwa upya ili zifanye kazi ndani ya chumvi tu. Mvua ya masika ikiyazimua maji kupita kiasi, Halobacterium, mmoja wa arkea hao, hupasuka na kufa. Mvua inayomharibia mvuna chumvi mavuno inamharibia yeye maisha. Tukimwita bingwa, basi ni bingwa asiyeweza kutoka uwanjani. Ikiongezwa tindikali, seli yoyote hulazimika pia kusukuma nje bila kukoma protoni, yaani chembe zinazoletwa na tindikali, kwa akiba ileile ya nishati.

Hapo ndipo Dallol, eneo la madimbwi ya chumvi na tindikali nchini Ethiopia, inapopima hoja zote mbili. Mwaka 2019 timu moja ilitangaza dalili za vijiumbe vidogo mno mahali hapo. Nyingine, mwaka huohuo, haikukuta uhai katika madimbwi yenye pH (kipimo cha tindikali; kadiri kinavyoshuka, ndivyo tindikali inavyozidi) karibu na sifuri, ikataja vizuizi viwili: tindikali kali iliyoungana na chumvi nyingi, na wingi wa magnesiamu, ambao huvuruga maumbo ya protini. Magnesiamu hiyohiyo ndiyo inayofanya maji yanayobaki baada ya chumvi kuganda yawe machungu, na wavuna chumvi huyamwaga. Kwa kuwa upepo na wageni huweza kupeleka vijiumbe popote, kukuta DNA au umbo linalofanana na seli hakutoshi. Anayedai kuna wakazi Dallol ana wajibu wa kuonyesha seli zinazokula na kugawanyika ndani ya maji yaleyale.