Kabureta Haina Kosa

Gari la zamani likianza kumisi, mshitakiwa wa kwanza ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Fundi anafungua boneti, anaziona mbili zimekaa pale zikimetameta, na kabla hujamaliza kueleza dalili, bisibisi imeshaingia. Jioni unarudishiwa gari linalovuta vibaya kuliko asubuhi, maana sasa hata kabureta zenyewe hazilingani.

Nasema haya kwa machungu. Binamu yangu hapa Mombasa ana Datsun 240Z, aina ile aliyoshindia Edgar Herrmann Safari Rally ya 1971 na Shekhar Mehta ile ya 1973. Ukilitaja mbele ya wazee utasimuliwa matope mpaka chai ipoe. La binamu halijaona rally. Limeona chumvi ya bahari. Stata, mota ya kuwashia injini, ilikuwa inazunguka kwa kusinzia, taa zimefifia kama kibatari, na ukikanyaga mafuta linakohoa. Gereji ya kwanza walifungua kabureta. Ya pili wakamuuzia betri mpya. Ya tatu wakasema stata imechoka, alete pesa.

Mita ya umeme ya bei ya kuku mmoja ndiyo iliyomaliza kesi. Tuliweka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, ya pili kwenye chuma cha injini, kisha binamu akapiga stata. Hapo katikati pana waya mnene wa ethi, unaorudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo mita ilitakiwa isome karibu na sifuri, hata 0.2 unaisamehe. Ilisoma volti 1.6! Yaani umeme ulikuwa unapotelea njiani, kwenye waya ambao hakuna aliyeutazama. Tukafungua bolti yake: kutu na unga wa kijani. Msasa, bolti ikakazwa, grisi kidogo juu. Stata ilipopigwa tena, paka aliyelala chini ya gari la jirani alitoka mbio.

Kukohoa nako kukapungua, na hapo ndipo watu hudanganyika. Koili, inayozalisha umeme wa cheche, hurudisha umeme wake kupitia pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) kwenye chuma kile kile cha injini. Ethi ikiwa mbovu cheche inakuwa dhaifu, petroli haiungui yote, ekzosi inatoa moshi mweusi na harufu kali. Nani asiilaumu kabureta? Lakini kwangu mimi haiguswi mpaka pointi zipimwe (nafasi yake kwa injini hii ni milimita 0.45 hadi 0.55), plagi zitazamwe na ethi zote zisafishwe. Kununua spea kabla ya kupima ni kupiga ramli, na ramli ya gereji ina risiti.

Taa ni kesi nyingine. Kwenye 240Z umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ya kwenye usukani, hakuna rilei, yaani swichi ya pembeni ya kubeba umeme mkubwa kwa niaba yake. Balbu mbili za wati 60 ni ampea 10, zinapita kwenye vibati vya shaba vya zaidi ya miaka 50. Swichi inapata moto, plastiki inalainika, siku moja unabaki gizani. Rilei mbili zinaiondolea mzigo huo. Wapo wanaosema zinaharibu uasili wa gari. Uasili gani, saa tatu usiku barabara ya Malindi, lori linakuja mbele yako?

Kuna siku moja tu niliyokubali kwamba kabureta inahusika, nayo ni kwenye foleni ya feri Likoni. Injini hii ina ekzosi na kabureta upande mmoja, ekzosi chini, kabureta juu, kama sufuria na jiko. Ukisimama juani bila upepo wa mwendo, petroli inachemka ndani ya kabureta, gari linazima na linagoma kuwaka mpaka lipoe. Hata hapo haina kosa, inapikwa tu. Waliounda gari walilijua hilo, wakaweka bati la kukinga joto katikati. La binamu halikuwepo. Gereji ya kwanza walilitoa ili wazifikie kabureta vizuri, wasilirudishe. Tulilikuta nyuma, chini ya tairi la akiba, limefungwa kwa gazeti.