Mwekezaji Asiwe wa Kwanza Kwenye Foleni

Wengi wenye wazo la biashara ya teknolojia huanza na swali moja: nani atanipa mtaji? Kwa maoni yangu swali hilo linaulizwa mapema mno. Anayeuliza "nani" kabla ya kujua "kiasi gani" na "cha kuthibitisha nini" hutaja kiasi kinachosikika vizuri tu, hugawa hisa kwa bei ya kutupa, na mwaka unaofuata yuko njiani tena na bakuli lile lile.

Hesabu yenyewe haimalizi hata jioni moja. Chukua timu ya watu 3 wanaojilipa dola 1,200 kila mmoja kwa mwezi: hiyo ni 3,600. Ongeza seva na programu za kulipia 300, mhasibu na wakili 200, gharama za kuwafikia wateja 400. Jumla 4,500. Zidisha kwa miezi 18 upate 81,000, kisha ongeza robo yake kwa ajili ya yasiyotarajiwa. Unafika karibu 101,000. Mapato yahesabu kuwa sifuri, hata kama una imani nayo. Kwa nini 18 na si 12? Kwa sababu awamu inayofuata ya kutafuta fedha hula miezi 6 kwa urahisi, na huwezi kuianza akaunti ikiwa imekauka. Mwekezaji akinusa kwamba umebakiwa na mishahara ya miezi 2, bei anapanga yeye. Muda halisi wa kazi basi ni mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo lazima kitokee kitu ambacho mtu wa nje anaweza kukipima: wateja 50 wanaolipa, au kifaa kinachofanya kazi nje ya maabara bila fundi kusimama kando yake. Kama kitu hicho huwezi kukitaja kwa sentensi moja, bado hujawa na sababu ya kuomba fedha za mtu.

Kwenye foleni ya vyanzo, wa kwanza ni mteja. Hapigi picha akikukabidhi hundi kubwa ya maonyesho, lakini hachukui hisa wala hadai riba. Tuseme una wateja 20 wanaolipa dola 50 kwa mwezi. Wape mwaka mzima kwa bei ya miezi 10, yaani 500. Wakikubali wote, una 10,000 mkononi leo badala ya 1,000 kila mwezi. Kumbuka tu kwamba hilo ni deni la huduma: ukizitumia zote kufikia mwezi wa 3, miezi 9 iliyobaki unahudumia bure. Barua ya kampuni kubwa inayosema "tunavutiwa na bidhaa yenu" si fedha. Hata ankara si fedha mpaka ilipwe, na wakubwa wengi hulipa baada ya siku 60 au 90. Biashara nyingi changa hufa zikiwa na mauzo mazuri kwenye karatasi. Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe za matangazo iliyoanza mwaka 2001, ilikua kwa fedha za wateja bila mwekezaji wa nje mpaka Intuit, kampuni ya programu za uhasibu, ilipoinunua mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 12.

Njia hiyo haimfai kila mtu, nakubali. Kifaa cha tiba kinachohitaji miaka ya majaribio hakiwezi kuuzwa kabla hakijakamilika. Hapo ruzuku ina mahali pake, mradi usome ratiba ya malipo kabla ya kusherehekea. Nyingi hutolewa kwa mafungu, na baadhi hurejesha gharama ambazo umeshazilipa mwenyewe, kwa hiyo unahitaji fedha ili upate fedha. Hatari nyingine ni ya polepole: timu inazoea kuandika maombi na ripoti, na bidhaa inaanza kufuata masharti ya mfadhili badala ya shida ya mteja. Mkopo wa benki nauacha haraka, kwa sababu benki hutaka dhamana inayoshikika na programu ya kompyuta si kiwanja.

Kuhusu mifuko ya mitaji, yaani ile inayokusanya fedha za wengine na kununua hisa za kampuni changa, ni vizuri kujua inavyojilipa. Mfuko kwa kawaida huishi miaka 10 hivi, na unategemea kampuni chache mno zifidie hasara za nyingine zote. Tuseme mfuko una dola milioni 50 na siku ya kuuza unamiliki asilimia 10 ya kampuni yako. Ili kampuni yako peke yake iurudishie mfuko mtaji wote, lazima iuzwe kwa milioni 500. Kampuni nzuri itakayofikia thamani ya milioni 8 na kulisha familia za watu 30 haimfai mwekezaji huyo, na kukataliwa kwake hakumaanishi kwamba biashara ni mbaya. Unapoteza miezi ukimshawishi mtu ambaye hesabu zake haziruhusu.

Ukiamua kwenda huko hata hivyo, kalamu ndiyo yenye madhara. Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye biashara changa, ilitunga mwaka 2013 mkataba mfupi uitwao SAFE: mwekezaji anatoa fedha sasa, hisa zinahesabiwa awamu ya baadaye kwa kikomo cha thamani mlichokubaliana, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kwenye hesabu hiyo. Toleo la 2018 linahesabu kikomo hicho fedha zote za SAFE zikiwa ndani. Maana yake ni kwamba kila mkataba mpya unawapunguza waanzilishi, haumpunguzi aliyetia saini kabla. Angalia: 100,000 kwa kikomo cha milioni 1, kisha 150,000 kwa milioni 1.5, kisha 200,000 kwa milioni 2. Kila mmoja ni asilimia 10. Umeshatoa 30, na kwa kuwa hakuna hisa iliyohama bado, unajiona una kampuni nzima. Inakuja awamu yenye bei, ambapo hisa zinauzwa kwa bei iliyopangwa na SAFE zinageuka hisa: mwekezaji mpya anataka asilimia 20, na 10 zinatengwa kwa wafanyakazi. Waanzilishi wanabaki na asilimia 70 ya 70, yaani 49. Mkiwa wawili, kila mmoja ana 24.5. Mali bila daftari hupotea bila habari; fungua jedwali la wanahisa siku ya mkataba wa kwanza, lisiandikwe na wakili wa upande wa pili.

Kifungu kingine cha kusoma mara mbili ni haki ya kulipwa kwanza. Mtu ameweka milioni 1 kwa asilimia 20, kampuni inauzwa kwa milioni 3. Kwa masharti ya kawaida anachagua: fedha zake milioni 1, au mgawo wake wa 600,000. Atachukua milioni, na wengine watagawana milioni 2. Lakini kama mkataba unamruhusu kulipwa kisha kushiriki tena mgawo, anaondoka na milioni 1 na laki 4. Neno moja, laki 4.

Mikataba hukwama pia kwa makosa ya nyumbani. Hisa za waanzilishi zikabidhiwe kidogo kidogo kwa miaka 4, bila chochote kabla ya kutimiza mwaka 1. La sivyo mwenzako aliyeondoka mwezi wa 5 na asilimia 40 atabaki kwenye jedwali, na wawekezaji wengi hukimbia wakiona hivyo. Kila aliyeandika programu, hata rafiki aliyesaidia wikendi mbili, asaini kwamba kazi hiyo ni mali ya kampuni. Kumsaka baadaye, akijua kuna fedha mezani, ni gharama.

Wakati wa kuzungumza, panga wawekezaji 40 au 50 katika wiki zile zile badala ya mmoja mmoja, ili majibu yakutane na upate cha kulinganisha. "Tuendelee kuwasiliana" ihesabu kuwa hapana. Na mtu anayetaka ada kwanza ili akutafutie mwekezaji, usimjibu.