Siku 21 zisizotokea kitu

Jumamosi kikundi chetu cha hisa tuliitwa, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akapewa chupa ya maji na sambusa mbili, kisha akasimama mgeni wa heshima kutueleza kwa nini sisi ni maskini. Maisha magumu, alisema, ni ya wavivu. Yai shilingi 500, kuku wa kienyeji shilingi 20,000, toa hesabu mwenyewe. "Totoeni vifaranga majumbani mwenu, akina mama!" Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Sambusa zilikuwa za nyama.

Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, lakini mama wa watoto wanne wa Fuoni, hapa Unguja, hufunzwa kuhangaika na mtu aliyeshuka kwenye gari la kiyoyozi. Sidhani kama bwana yule amewahi kugeuza yai, isipokuwa kwenye kikaango.

Mimi nimegeuza. Mwaka jana nilichukua boksi jeupe la kubebea samaki, nikalikosha mpaka harufu ya jodari ikatoka (haikutoka yote), kaka yangu akanifungia globu mbili, feni ndogo ya kompyuta mbovu, na kile kidude kinachozima na kuwasha taa kwa kufuata joto. Bakuli la maji chini, kipimajoto ubavuni. Mayai 30, hayajamaliza wiki tangu kutagwa. Kila yai nikalitia alama kwa penseli, upande mmoja msalaba, upande wa pili duara, maana usipoligeuza kifaranga hugandia kwenye ganda. Mara tatu kwa siku, mpaka siku ya 18. Na joto ni 37.5. Sio "vuguvugu hivi". Ni 37 na nusu.

Usiku wa siku ya saba nilizima taa ya chumbani, nikaweka tochi ya simu chini ya yai. Wallahi nilikaa chini. Mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na katikati kidoto cheusi kinacheza. Mwanangu wa mwisho akaninong'oneza, "Mama, na yeye anatuona?" Sita yalikuwa matupu, yanang'aa tu, nikayatoa. Yakabaki 24, na mimi nikaanza kuwa mpole hata kwa wifi yangu.

Siku ya 19, saa tatu usiku, umeme ukakatika.

Kwa nini ulikatika siulizi, huwa hatuambiwi. Aliyekuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulipokaa gizani miezi mitatu, anajua kwamba kukatika umeme sisi tunakuchukulia kama mvua: utasubiri ikatike. Ila yai lina hesabu yake. Nikachemsha maji kwa mkaa, nikayatia kwenye chupa za soda, nikazizungushia kanga, nikazipanga ndani ya boksi na kufunika blanketi. Nikazidisha. Yai hustahamili baridi ya saa mbili tatu kuliko joto lililopita kiasi, na hilo nilikuwa nalijua, lakini saa nane za usiku, peke yako na kibatari, mtu anajua nini? Nilipokuja kutazama kipimajoto kilikuwa 41.

Waliotoka ni tisa. Mengine niliyapasua mwenyewe. Vifaranga kamili, wana manyoya, wana kucha. Siku ile chakula hakikunipita.

Jirani yangu, bi mkubwa wa nyumba ya pili, koo lake, yaani kuku wake wa kutaga, lilikuwa limeatamia mvunguni mwa kitanda. Mayai 11, witiri, hesabu isiyogawika kwa mbili, kama alivyofunzwa na mamaake, na kipande cha mkaa pembeni cha kukinga radi. Likatotoa kumi. Hata halikujua kama umeme ulikatika.

Basi hili ndilo nililotaka kumwambia mgeni wetu, sambusa ikanizuia. Hesabu yako, bwana, imesahau siku. Kutotoa kunataka siku 21 zinazofuatana zisizotokea kitu. Mtoto asipandishe homa. Usiitwe msibani Makunduchi ukalala huko mpaka hitima. Mita ya umeme isiishe usiku na wewe huna hata shilingi 2,000. Mwenye nyumba asije kudai kodi ukalazimika kuuza hicho hicho kidude. Wewe siku kama hizo unazo tele, zinakujia mfululizo, huzioni hata kuwa ni mali. Mimi nikipata nne pamoja naanza kuogopa. Halafu unasimama mbele ya wanawake walioamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi ya biashara, unawaambia wavivu!

Bei ya chakula cha vifaranga sitaki hata kuianza. Ugonjwa wa kideri chanjeni, tone moja la jicho, changieni chupa na majirani, hapo sina mjadala. Na hawa kunguru walioletwa kisiwani miaka ya 1890, eti waje kula takataka, vifaranga wangu wamenichukulia watatu mchana kweupe, mmoja mbele ya macho yangu.

Haya, nikiri. Waliobaki sita walikua. Majogoo mawili niliyauza karibu na Idi, nikanunua viatu vya skuli jozi mbili. Kwa hiyo bwana yule hakusema uongo mtupu. Nakubali, shingo upande.

Na boksi nimeliwasha tena. Mayai 13 safari hii, leo siku ya nane. Bi mkubwa ameniambia koo lake limeanza kuatamia, na umeme ukikatika nimpelekee haraka, atayatia chini yake. Sharti lake moja tu: yawe witiri.

Jana usiku nimeyamulika, moja viza. Yamebaki 12, yote mazima, yote yanacheza. Nimekaa na tochi mkononi, sijui nitoe lipi.